Fyuzi Ilikuwa Nzima

Siku hizi vijana wanaingia gereji na Subaru au Altezza wakitaka kitu kimoja: betri itoke mbele iende kwenye buti. Mmoja ameongeza turbo na nafasi chini ya boneti imekwisha. Mwingine amejaza spika nyuma. Wa tatu kaona tu kwenye simu gari la mtu likiwa hivyo, na roho yake imependa. Sina ugomvi nao. Betri ya gari ni mzigo wa kilo 15 hivi, ukiutoa puani ukaupeleka nyuma gari linakaa vizuri zaidi barabarani. Tena joto la injini ndilo linaloua betri mapema, hasa kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam. Wahandisi wa BMW waliipeleka nyuma ili uzito wa mbele na wa nyuma ukaribiane. Wale wa Mini ya 1959 nao waliipeleka nyuma, na mbele hapakubaki hata pa kutia mkono.

Ugomvi unaanza ninapotaja fyuzi. "Fundi, mbona mbele hapakuwa na fyuzi?"

Swali ni zuri kuliko wanavyodhani wenyewe. Magari mengi yametoka kiwandani na waya mnene wa kutoka betri kwenda stata usio na fyuzi hata moja, na aliyelibuni gari hakusahau. Waya ule ni mfupi, unapita mahali peupe, hausuguani na ncha ya bati, na ukichubuka unaonekana ukifungua boneti. Ukihamishia betri kwenye buti, waya unakuwa wa mita nne na nusu hadi tano. Unapita chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria, kwenye matundu ya bati, pengine sambamba na bomba la mafuta. Mteja anaona amehamisha betri. Mimi naona ameingiza ndani ya gari mita tano za umeme usiozimika hata ufunguo ukiwa mfukoni. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii yametoka kwenye hizo mita za katikati, ambazo mteja haziulizii.

Betri ya kwanza niliyoiona imewekwa mbali na boneti ilikuwa ya Volkswagen Beetle ya mwalimu wa mtaani kwetu. Gari hilo betri yake inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na kiti chenyewe ndani kina springi za chuma. Kiwandani waliweka kifuniko juu ya betri. Cha mwalimu kilikuwa kimepotea zamani, na gari lilikuwa linatembea, kwa hiyo hakuna aliyekikumbuka.

Jumapili moja alikuwa amewapakia akina mama wa kwaya, watatu nyuma. Kwenye tuta la kwanza wakasikia harufu ya nywele zinazoungua, kwenye la pili moshi ukatoka chini ya sketi zao. Mwalimu alisimamisha gari, akawashusha, akang'oa kiti kizima na kukitupa barabarani. Sisi watoto tulikizunguka. Upande wa chini kulikuwa na alama mbili nyeusi, pale springi zilipogusa vichwa vya betri, na katikati yake waya wa springi ulikuwa umegeuka buluu kwa joto. Mtaa mzima ulisema betri imelipuka. Haikulipuka. Jioni ileile betri hiyohiyo ndiyo iliyowasha gari kwenda kuwarudisha akina mama makwao.

Nilikuwa mdogo, lakini jambo hilo lilinikaa. Hakuna kilichokuwa kibovu. Betri nzima, kiti kizima, abiria wenye uzito wao wa kawaida. Kilichokosekana ni kipande cha kuzuia chuma kisigusane na chuma, na kutokuwepo kwake hakukupiga kelele hata siku moja mpaka siku hiyo.

Miaka mingi baadaye nilipokwenda kujifunza umeme wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mzee aliyenipokea alikuwa na namna yake ya kuwaanzisha wanafunzi. Hakunipa spana. Alinitaka kwanza nivue saa na nimpe mtu aishike, kisha akachomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa spika, akaushika kwa koleo na kuugusisha chanya na hasi za betri iliyokuwa mezani. Ukamulika, ukatoweka. Akachukua kipande cha waya mzima, chenye plastiki yake, akakigusisha vilevile. Hiki hakikukatika. Plastiki ilianza kutoka jasho, ikafura, ikadondoka mezani vipande vinavyowaka, na shaba ikabaki nyekundu mpaka alipoiondoa kwa koleo.

"Ule wa kwanza ni fyuzi," akasema. "Huu wa pili ndio gari la mteja."

Sijasoma maelezo mazuri zaidi ya hayo. Fyuzi ni waya dhaifu tuliouchagua makusudi ufe kwanza, mahali ambapo kifo chake hakimuunguzi mtu. Hailindi redio wala ampu. Vyombo hivyo vina fyuzi zao ndani. Inaulinda waya ulio mbele yake, basi. Volti 12 hazimrushi mtu, ndiyo maana watu wanazidharau, wanashika vichwa vya betri kwa mikono mitupu na kucheka. Lakini anayechomelea mageti pale jirani anayeyusha chuma kwa ampea 100 na kidogo, na betri ya kawaida ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya 1,000 kwa muda mfupi. Mzee alikuwa mkali kwenye jambo moja: ukifungua betri, toa hasi kwanza, ukiifunga, hasi iwe ya mwisho. Hasi ikishatoka, hata spana ikigusa bodi huku ikiwa kwenye chanya, hakuna kinachotokea. Aliyekosea utaratibu huo alirudishwa kuosha vipuri.

Gerezani ndiko pia nilikokutana na BMW ya E46, toleo lililoanza 1998, betri kwenye buti upande wa kulia. Stata yake ilikuwa inavuta kwa shida, inaguna kisha inanyamaza. Mwenye gari alikuwa ameshanunua betri mpya, akanunua na stata, na kilio kikabaki palepale. Alifika akiwa na hasira za mtu aliyeliwa hela mara mbili.

Mzee hakugusa betri wala stata. Aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine, kwa waya mrefu wa kuunga, kwenye bati la injini. "Piga." Nikapiga stata. Mita ikasoma volti 1.7. Kati ya sehemu hizo mbili panatakiwa kusomeka vijisehemu vya volti, kwa kuwa kinadharia ni kitu kimoja. Umeme unaotoka kwa waya mnene mwekundu lazima urudi, na kwenye gari la betri ya nyuma unarudi kwa kupitia bodi nzima, mpaka kwenye boliti moja ya ethi iliyofungwa kwenye bati la buti. Gari lile liliwahi kugongwa nyuma. Buti lilinyooshwa, likapigwa rangi nzuri, na boliti ikakazwa juu ya rangi. Tulikwangua mpaka bati likang'aa, tukakaza upya, tukapaka grisi juu yake. Mita ikashuka hadi 0.2 na stata ikapiga kwa mkupuo. Mwenyewe alilipa akiwa amenuna, kwa sababu hakuna kilichobadilishwa ambacho angeweza kurudi nacho nyumbani kwenye mfuko.

Tangu hapo ninapofunga betri nyuma sitoki bila kupima pande zote mbili, kwenda na kurudi, huku stata ikizunguka. Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, urefu wa mita tano, ukipitisha ampea 200 za stata, unakula zaidi ya volti moja njiani. Wa 35 unakula nusu volti. Wa 50 unakula theluthi hivi. Na hapo nazungumzia shaba. Nyaya nyingi nene zinazouzwa kwa ajili ya muziki ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukikwangua uzi wake kwa kisu unatoka mweupe ndani, wakati shaba halisi, hata ile iliyopakwa bati ikaonekana nyeupe kwa nje, ndani ni nyekundu. Alumini inahitaji unene wa mara moja na nusu na ushei ili ifanye kazi ya shaba. Pia hulegea bila aibu: ukiibana kwenye lagi ya mwisho wa waya leo, miezi kadhaa baadaye utaikuta inacheza.

BMW ile ilikuwa na kingine ambacho mzee alinionyesha kwa heshima kabisa. Kwenye kichwa cha chanya kuna baruti ndogo. Gari likigongwa vibaya, kompyuta ya mifuko ya hewa inailipua, na waya mnene unaokwenda mbele unachomoka kwenye betri, huku taa za tahadhari zikibaki na umeme wake. Kampuni iliyoamua kulipia baruti kwenye kila gari ilikuwa inajua ni nini kinapita chini ya zulia. Huku kwetu nimekuta magari ya aina hiyo yaliyogongwa, yakatengenezwa, na pale penye baruti pamefungwa kichwa cha kawaida cha betri ya lori. Gari linawaka, mteja anaondoka.

Zikaja zama za vipanya vyenye muziki. Aliyepanda Hiace za Dar es Salaam enzi hizo anakumbuka kiti cha nyuma kikitetemeka kabla gari halijawashwa. Betri mbele, ampu na spika nyuma, kwa hiyo ni hadithi ileile ya waya mrefu, imegeuzwa tu upande. Kipanya kimoja kililetwa kwetu kikivutwa kwa kamba. Kilikuwa kimejaza, moshi ukatoka sakafuni, abiria wengine wakatokea dirishani. Konda aling'oa waya wa betri kwa mkono na kiganja kikaungua. Wengine walisalimika.

Nilipewa kazi ya kufungua sakafu. Nyuma, karibu na ampu, kulikuwa na kishikio cha fyuzi cha plastiki angavu chenye vibati vya rangi ya dhahabu. Ndani yake fyuzi ya ampea 60, safi, haina hata doa. Nikafuata waya kuelekea mbele. Hatua chache baadaye plastiki ilianza kukunjamana, kisha ikaisha, na shaba tupu nyeusi ikaendelea mpaka kwenye tundu lililotobolewa kwa drili kwenye bati. Tundu halikuwekewa raba. Ukingo wake ulikuwa na meno, na kwenye jino moja palikuwa na tone la shaba iliyoyeyuka na kuganda.

Mwenye gari alikuwa amesimama juu yangu. "Si niliwekewa fyuzi?" akauliza. Nikampa mkononi. Fyuzi ilikuwa nzima. Aliigeuza huku na huku, akaitazama kwa mwanga wa jua, akawa kama mtu aliyetapeliwa na hajui amshike nani. Shoti ilitokea kati ya betri na fyuzi, na umeme ulioiunguza sakafu haukupita kwenye fyuzi hata kidogo. Ukiiweka mwisho wa safari inailinda ampu, ambayo haikuwa na shida. Mahali pake ni kwenye betri, karibu kadiri mkono wako unavyoruhusu. Shubiri moja kutoka kichwa cha chanya inatosha. Kile kipande kifupi kinachobaki kati ya betri na fyuzi ndicho pekee kisicholindwa, kwa hiyo kivalishe mpira wa ziada na usikipitishe kwenye bati.

Ndiyo maana mteja akiniambia gari lake lina fyuzi, namuuliza iko wapi. Swali la pili ni kama ni fyuzi kweli, maana nimeshakuta misumari, vipande vya waya, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyokunjwa kwa ustadi unaostahili kazi bora zaidi.

Kwa muda nilifanya umeme wa magari ya mashindano ya rali, na huko nilikutana na mkaguzi aliyenifungua macho kwa kidole kimoja. Kanuni za FIA zinataka gari la mashindano liwe na suichi kuu ya kukata umeme wote, inayofikiwa na dereva aliyekaa na pia na mtu aliyesimama nje. Nje inawekewa alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe. Tulikuwa tumeletewa gari lililofungwa na fundi wa mji mwingine, betri nyuma, waya umepangwa vizuri, alama imebandikwa. Mkaguzi akaomba liwashwe. Likanguruma. Akazungusha suichi kuizima. Gari likaendelea kunguruma. Dereva alicheka, mkaguzi hakucheka. Aliandika kwenye karatasi yake na kutuonyesha pa kuegesha.

Suichi ilikata betri, lakini altaneta ilikuwa bado inazungushwa na mkanda, inalisha plagi, pampu ya mafuta na kila kitu. Gari lina chemchemi mbili za umeme. Jioni ile tulibadilisha suichi, tukafunga ile yenye njia za ziada: moja inakata umeme wa plagi ili injini izime, nyingine inapeleka mabaki ya altaneta kwenye rezista ili yasiruke na kuua kompyuta. Injini ikanyamaza mkaguzi alipozungusha tena.

Somo la rali linahusu hata gari la kwenda kazini. Waya mrefu ukichubuka katikati huku injini inazunguka, fyuzi ya betri itakatika, sawa, lakini altaneta ya ampea 80 au 100 iliyo upande wa pili itaendelea kusukuma umeme palepale palipochubuka. Kwa hiyo fyuzi ziwe mbili, kila chemchemi na yake. Vijana wanaopenda magari ya Safari Rally wanaiga mahali pa betri, wanaiga matairi, wanaiga hata tope. Sijamwona aliyeanza kwa kuulizia suichi.

Halafu hibridi zikaingia nchini, na betri za nyuma zikawa jambo la kila siku bila watu kutambua. Prius nyingi zina betri yao ya kawaida ya volti 12 kwenye pembe ya buti, na ile ya asili ina kibomba chembamba kinachotoa hewa yake nje ya gari. Mteja mmoja alilalamika gari linanuka mayai viza kila akifunga vioo. Alikuwa ameshaosha zulia. Tulipofungua buti tukakuta betri ya bei rahisi ya kumwagia maji, imewekwa kwa kulazimishwa, kibomba kinaning'inia hewani hakina pa kuingia. Betri ilikuwa imechoka na kuchajiwa kupita kiasi, na harufu ile ndiyo iliyotuokoa, kwa kuwa gesi nyingine ya hatari inayotoka pamoja nayo, haidrojeni, haina harufu. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Chini ya boneti upepo unaipeperusha. Kwenye buti inakaa pamoja na watoto wa siti ya nyuma.

Kwa hiyo anayetaka betri nyuma kwangu anapewa orodha kwa mdomo. Betri iliyofungwa yenye kibomba, ndani ya boksi, imefungwa kwa chuma kwenye bodi na si kwa mpira wa baiskeli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 35 kwa petroli ndogo, 50 kwa dizeli. Fyuzi ya kufunga kwa boliti kwenye betri: juu ya kile stata inachovuta ikizunguka, maana mkupuo wa sekunde chache aina hiyo inauvumilia, na chini ya kile waya unachoweza kubeba, kwa waya wa 35 wenye ganda la kuhimili joto huwa naweka 250. Nyingine ndogo karibu na altaneta. Raba kwenye kila tundu, vibanio kila baada ya shubiri mbili, na bomba la mafuta liwe upande wa pili wa gari. Lagi zibanwe kwa mashine ya kubania. Wanaozigonga kwa nyundo au kuzijaza risasi peke yake wasiniletee wakiniomba nimalizie.

Bei inayotoka hapo huwa kubwa kuliko walivyotarajia, na karibu yote iko kwenye vitu vitakavyofunikwa na zulia. Wengine wanaondoka, na najua gereji watakayokwenda. Wanaobaki nawaambia warudi baada ya wiki mbili tatu nikaze vichwa upya, kwa kuwa risasi ya betri ni laini na hulegea, na nishike lagi kwa kidole gari likiwa limetoka kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa, nione kama kuna iliyopata moto. Wachache hurudi kwa ajili hiyo. Wengi huja kuuliza kama ule waya unaweza kubeba ampu ya pili.